Sare Haina Mwenyewe

Tarehe 11 Juni 2024, mjini Lilongwe, Harambee Stars wa Kenya walitoka sare tasa na Kodivaa. Wenzao walikuwa mabingwa wa Afrika. Kombe lenyewe walikuwa wamelinyanyua miezi minne tu nyuma. Asubuhi yake, ukipita soko la Burma pale Shauri Moyo, Nairobi, jina la kocha Engin Fırat lilitamkwa vizuri, hata na watu ambao kwa kawaida hawalitamki bila kusonya kwanza. Tarehe 6 Septemba mwaka huohuo, timu hiyohiyo ikatoka sare tasa na Zimbabwe mjini Kampala. Kocha hakuwa amebadilika. Bao halikufungwa upande wowote, kama kule Malawi. Lakini safari hii Mturuki alihukumiwa kabla supu haijachemka: aende kwao, na aende leo.

Nimekuwa nikiziweka mechi hizo mbili pamoja kichwani tangu wakati ule. Kwa nini moja iliitwa akili na nyingine ikaitwa woga? Jibu la haraka ni kwamba Kodivaa ni wakubwa na Zimbabwe ni saizi yetu. Lina ukweli wake, lakini ukilibana kidogo linavuja.

Shauri Moyo ina haki ya kuulizwa swali la namna hii. Mtaa ulijengwa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1930, kijiji cha Pangani kilipobomolewa na wenyewe kuhamishiwa huku. Jirani yake ni Kamukunji, ambako nyundo za mafundi wa bati huanza alfajiri; hapo karibu ni Majengo na Pumwani, na Gikomba kwa wauza mitumba. Ukivuka barabara ya Jogoo unaukuta uwanja wa City, ambao tangu mwaka 2019 unaitwa kwa jina la Joe Kadenge, yule aliyewafanya watangazaji wa redio waishiwe na maneno, wabaki kurudia jina lake na mpira. Vizazi vya wanaume, na siku hizi wasichana wengi, wametembea kutoka uwanja ule hadi Burma kwa miguu, wa kijani wakitoka kwa Gor Mahia na wa buluu wakitoka kwa AFC Leopards, wamenuniana njia nzima, kisha wakaketi benchi moja kula nyama.

Hapo ndipo makocha hushtakiwa. Anayetetea Ingwe, yaani Leopards, anaitwa shemeji, anayetetea K'Ogalo, yaani Gor, anaitwa omera hata kama ni Mkamba, na anayejifanya hana upande anaulizwa amekuja kula nyama ya nani. Mzee hakatizwi mpaka ameze tonge. Ukitaja mechi, uwe tayari kusema ulikuwa umekaa jukwaa gani.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyomponza Fırat. Mwaka 2024 viwanja vya Kasarani na Nyayo vilikuwa vimefungwa kwa ukarabati, na mechi za nyumbani za Kenya zikachezwa nje ya nchi. Burma yote iliziona kwenye runinga. Runinga humfuata mwenye mpira, na kazi yote ya kocha wa kujihami iko mahali ambapo mpira haupo: beki wa kulia anayejongea hatua nne kabla ya hatari kuonekana, kiungo anayeziba njia ya pasi ambayo kwa sababu hiyo haipigwi kamwe. Ukiwa jukwaani unayaona hayo, na ukiwa na mzee mzuri kando yako utafundishwa kuyaona. Kwenye kioo unaona tu kwamba mpira uko kwa Kameruni tena. Ninaamini makocha wengi wa aina hii wamefukuzwa na kamera, na hakuna anayeishtaki kamera.

Tumtendee haki mtu huyu, maana sasa ameshakwenda. Alikuja Septemba 2021 kwa mkataba wa miezi miwili, kama kibarua. Mechi yake ya kwanza, huko Agadir, Mali walimtandika 5-0. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya kwa sababu ya serikali kuingilia uendeshaji wa shirikisho, na timu ikazuiwa kucheza mechi za kimataifa hadi mwisho wa Novemba. Aliporudi kazini, baada ya mwaka kupotea, alitakiwa ajenge nyumba kwa matofali ambayo hakuna aliyekuwa ameyafyatua.

Ukiyapanga matokeo yake ya mwaka 2023, kitu fulani kinajitokeza. Septemba aliwafunga Qatar 2-1 kwao Doha. Siku tano baadaye akafungwa 1-0 na Sudan Kusini pale Kasarani. Oktoba akatoka 2-2 na Urusi. Timu yake ilijua la kufanya mpira ukiwa kwa watu wengine. Ikiachiwa mpira, wachezaji walianza kutazamana. Ugenini, mbele ya matajiri, hilo lilikuwa silaha. Nyumbani, mbele ya jirani aliyekuja na nia ileile ya kusubiri, likawa aibu. Na mbele kabisa alikuwa Michael Olunga, mtu aliyefunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani mwaka 2020, akisubiri pasi ambazo hazikufika.

Mchujo wa Kombe la Afrika la 2025 ulimaliza hoja kwa wengi. Mechi 6, mabao 4, ushindi mmoja tu, dhidi ya Namibia. Sare 3. Kameruni na Zimbabwe wakapita, Kenya ikabaki ya tatu na pointi 6. Mezani Burma ushindi huwa wa Kenya, kichapo huwa cha kocha, na sare haina mwenyewe. Inaachwa pale katikati ya sahani, kila mtu akitazama mwenzake ataichukua. Fırat alikuwa na sare tatu katika mechi sita, na zote zilirudishwa kwake.

Fundi mmoja wa masanduku ya bati, ambaye namjua kwa sauti kuliko kwa jina, ndiye aliyeniwekea hoja mahali pake. Alikuwa hasemi na mimi. Alikuwa akimjibu kijana aliyesema kwamba kujihami ni kujihami. Akasema hakuna mtu anayeajiri soja alinde ghala tupu. Kisha akaendelea kutafuna. Soja ni kazi ya heshima, alimaanisha, na Nairobi nzima hulala kwa sababu ya masoja. Lakini kwanza pawe na mali ndani.

Nimelipima neno lake kwa mechi nyingine, na mara nyingi limeshika. Mwaka 1987 Gor Mahia walitwaa Kombe la Washindi la Afrika, lile la Mandela, na hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta nyumbani kombe la bara. Wazee wa Shauri Moyo huitaja siku ile kama watu wanaotaja uhuru. Wasichokisema sana ni kwamba katika fainali hiyo Gor hawakushinda mechi hata moja. Tunis walitoka 2-2 na Esperance, Nairobi wakatoka 1-1, kombe likaamuliwa kwa mabao ya ugenini. Sare mbili! Siku kuu kuliko zote katika historia ya klabu zetu ni siku ya sare, na sare hiyo ina wenyewe tele. Ukiwasikiliza watu wanaodai walikuwa uwanjani jioni ile, utadhani uwanja ulikuwa na jukwaa hadi Thika. Lakini fundi angekwambia utazame kilichokuwa ghalani. Gor waliingia uwanjani Nairobi wakiwa tayari na mabao mawili ya Tunis. Waliyapata kwa kushambulia kwa mwenyewe, mbele ya mashabiki wake, na ndipo walipopata haki ya kuyalinda.

Kocha Adel Amrouche anaonyesha jambo hilo vizuri zaidi, kwa kuwa yeye mwenyewe amekuwa pande zote mbili. Machi 2013, mjini Calabar, Kenya yake iliongoza dhidi ya Nigeria kwa bao la Francis Kahata na ikalilinda hadi dakika za majeruhi, ndipo Wanigeria wakasawazisha. Nigeria walikuwa mabingwa wapya wa Afrika wakati huo. Sare hiyo ilisherehekewa. Agosti 2014, uwanjani Nyayo, Kenya yake ikatoka 0-0 na Lesotho na kuaga mchujo, kwa sababu Lesotho walikuwa wameshinda 1-0 kwao Maseru. Akafutwa. Ghala lilikuwa tupu tangu Maseru na soja akaendelea kuzunguka nje na rungu lake. Songa mbele hadi Septemba 2023. Amrouche huyuhuyu, sasa akiwa na Taifa Stars, anakwenda Algeria akihitaji pointi moja tu kufuzu Kombe la Afrika. Anatoka 0-0, na Dar es Salaam hailali. Nairobi alifutwa kwa 0-0, Tanzania akabebwa kwa 0-0. Sidhani Watanzania wanapenda soka la kujihami kuliko sisi. Wao walijua hasa ni kitu gani kinalindwa, na walikijua kabla ya mechi kuanza.

Moroko nao walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022 wakiwa wamefungwa bao moja pekee njiani, nalo walijifunga wenyewe. Hakuna Mwafrika aliyelalamika kwamba kocha wao Walid Regragui anarudisha watu nyuma. Shauri Moyo tuliwashangilia mabeki wake kwa majina.

Lakini ile mechi ya Lilongwe inamsumbua fundi, na nimeifikiria kwa muda mrefu. Dakika ya kwanza hadi ya tisini ilikuwa 0-0. Ghalani hapakuwa na kitu. Mbona tuliridhika? Nadhani ni kwa sababu pale mwizi mwenyewe ndiye aliyeipa mali thamani. Ukijua anayekuja ni bingwa wa bara, basi hata pointi moja ya kuanzia, ile ambayo kila timu hupewa refa akipuliza kipenga, inakuwa kitu cha kulindwa. Zimbabwe walipokuja kuitafuta pointi hiyohiyo, tuliona haya kuonekana tunaililia.

Na hapa naingia mahali ambapo sina uhakika kama Burma itanikubali. Watu wa Shauri Moyo wanaijua sana kazi ya kujihami. Gikomba imeungua mara nyingi mno. Mfanyabiashara wa pale hajazi bidhaa zake zote kibanda kimoja, na akifunga jioni hulala na hofu ya moshi. Mwenye chumba cha kaunti ameishi miaka akisikia kwamba mtaa utabomolewa ujengwe ghorofa, na ghorofa zenyewe ameanza kuziona zikiinuka, lakini hana hakika kama jina lake limo. Kibarua hula nusu ya alichopata na kuficha nusu, maana kesho huenda pasiwe na kazi. Hayo ni maisha ya watu walio nyuma ya mpira, wakiziba nafasi, wakisubiri kosa la mwingine. Wanayaishi Jumatatu hadi Jumamosi bila kulalamika, na wengine kwa ustadi ambao Fırat angeuonea wivu. Kisha Jumapili wanaambiwa waketi watazame watu kumi na mmoja waliovaa jezi ya Kenya wakifanya lilelile. Hapo hasira inanielea. Shabiki hakwenda uwanjani kutafuta busara, kwa maana busara anayo. Alitaka kumwona mtu mmoja, kwa niaba yake, akiacha mlango wazi na kukimbia mbele.

Makocha hawalielewi hilo, nao wana sababu. Kocha wa timu ya taifa huwapata wachezaji siku chache kabla ya mechi. Chini ya Fırat, Olunga alitoka Qatar, mwingine Ulaya, mwingine ligi ya nyumbani, miguu yao ikiwa imechoka na safari. Katika mazoezi mawili au matatu unaweza kuwafundisha watu wasimame wapi wasipokuwa na mpira. Huwezi kuwafundisha wajuane. Kushambulia ni mazoea, na mazoea yanataka miezi. Marshall Mulwa, aliyelitwaa Kombe la Challenge mara tatu mfululizo kuanzia 1981 hadi 1983, alikuwa na wachezaji waliokutana kila wiki kwenye ligi moja, nchini humuhumu. Mzee wa reli, mstaafu ambaye hukaa upande wa kivuli, hulitaja jina la Mulwa kila mjadala unapofika hapa, na kila mara vijana humwambia kwamba zama zile hazikuwa na mawakala. Pande zote mbili zina haki. Kocha wa leo anajihami kwa sababu ndicho kitu pekee kinachoingia kwenye siku tatu. Mimi binafsi ningemwacha Fırat amalize mchujo, kisha ningemshukuru, nimlipe, aende.

Nimlipe. Neno hilo ndilo lisilosikika sana Burma, ambako kumfukuza kocha hakugharimu hata kikombe cha chai. Amrouche alipofutwa mwaka 2014 mkataba wake ulikuwa bado hai. Akashtaki, na kesi ikaisha kwa Kenya kutakiwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100. FIFA ikafikia kutishia kuiondoa Harambee Stars kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la 2022 iwapo deni halitalipwa. Bobby Williamson, Mskoti aliyewahi kuipa Gor ubingwa mwaka 2013 baada ya kiu ya miaka 18, naye alikwenda kudai chake baada ya timu ya taifa kumwachisha. Mtu anayepiga kelele "atoke!" anapaswa kujua kwamba kocha akitoka hivyo, mshahara wake hubaki ukifanya kazi hapa nchini miaka mingi baada ya yeye kupanda ndege. Na unalipwa kwa pesa ambazo zingenunua mipira ya watoto wa Kamukunji. Nikisema hivi mezani huambiwa nimekuwa wakili wa makocha.

Tena swali lenyewe la abaki au atoke halikuwahi kuwa letu. Rais wa shirikisho la soka, FKF, huchaguliwa na wajumbe. Desemba 2024 walimchagua Hussein Mohammed, na watu wa Burma waliipata habari kama kila mtu, kwenye simu. Fırat aliondoka siku hizohizo. Hakufukuzwa kwa ajili ya Zimbabwe wala kwa ajili ya Namibia, wala kwa ajili ya Olunga kuachwa peke yake. Alijiuzulu mwenyewe, akitaja mkataba uliovunjwa na mshahara ambao hajalipwa. Miaka mitatu ya mabishano, ya watu kuvunjiana heshima juu ya mabeki watatu au watano, ikaamuliwa na hati ya malipo ambayo haikutoka. Nakumbuka mjadala wa siku hiyo ulikuwa mfupi kuliko kawaida. Hata waliotaka aende walijisikia kama watu walioshinda kesi ambayo hakimu hakuisoma.

Kuna mtu mmoja tu aliyempenda Fırat kwa moyo wote, naye ni kijana wa mkeka wa kubeti. Kila baze ina wake. Kijana huyu haulizi Kenya itafunga mangapi. Anauliza kama mabao yatazidi mawili, na kocha wa kujihami kwake ni rafiki wa familia. Wakati benchi zima linalia kwamba mechi haina ladha, yeye anatazama saa na kuomba dakika ziishe. Nilikuwa nikimdharau. Siku hizi nadhani ndiye shabiki pekee anayetazama soka ya kujihami kama inavyostahili kutazamwa, kwa sababu ndiye pekee mwenye kitu kinacholindwa.

Benni McCarthy alichukua timu Machi 2025. Mechi yake ya kwanza, na Gambia, iliisha 3-3, na Burma ikashusha pumzi: walau huyu anaacha mlango wazi. Alikuwa mshambuliaji, alifunga katika fainali za Afrika, aliichezea Porto iliyobeba Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mwaka 2004, tena chini ya Mourinho, jambo ambalo watu walichagua kulisahau. Kisha ikaja CHAN ya Agosti, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Kasarani imefunguliwa, na watu wakaweza tena kusema walikuwa wamekaa jukwaa gani.

Kenya iliwafunga DR Kongo 1-0. Ikatoka 1-1 na Angola. Tarehe 10 Agosti ikakutana na Moroko, Ryan Ogam wa Tusker akafunga kabla ya mapumziko, na kabla ya mapumziko hayohayo Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu. Kipindi cha pili kizima Kenya ilicheza na watu kumi, wote nyuma ya mpira. Hakuna timu ya Fırat iliyowahi kujihami kiasi kile. Mpira ulitupwa jukwaani, muda uliuawa, kipa alilala chini kila alipoudaka, na kila alipolala Kasarani iliinuka. Watu waliokuwa wamemwita Mturuki mwoga walipasuka koo wakiomba timu irudi nyuma zaidi. Moroko hawakupoteza mechi nyingine katika mashindano yale. Waliondoka na kombe. Sisi ndio tuliowafunga, kwa bao moja na kwa dakika arobaini na tano za kukimbia bila mpira.

Fundi alikuwa na siku nzuri. Ghala lilikuwa na bao moja na masoja kumi. Lakini hata yeye hakuweza kueleza kwa nini sare ya Angola haikumkera, mpaka mtu akamkumbusha kwamba safari hii sare ilikuwa na bei: rais wa nchi alikuwa amewaahidi wachezaji shilingi milioni moja kila mmoja kwa ushindi, na nusu milioni kwa sare. Burma ilicheka sana kuhusu hilo nusu milioni. Mzee wa reli akauliza kama angeweza kupewa robo kwa kufungwa.

Halafu Zambia, 1-0, na Kenya ikaongoza kundi ambalo kila mtu alisema litaizika. Tarehe 22 Agosti, robo fainali, Kenya ikatangulia mapema kipindi cha pili, Madagaska wakasawazisha kwa penalti, dakika 120 zikaisha 1-1 na mikwaju ikaisha 4-3 kwa wageni. Hivyo ndivyo Kenya ilivyotoka: bila kufungwa mechi hata moja ndani ya muda wa mchezo. Kwa sare.

Siku iliyofuata nilikuta kesi imeshaanza, na mawakili wamebadilishana pande. Fundi, mtetezi wa masoja, alikuwa akimlaumu McCarthy kwa kulinda bao moja mapema mno. Mpinzani ni Madagaska, alisema, si Moroko, ungetafuta la pili. Mzee wa reli, mtu wa Mulwa na mashambulizi, alishikilia kwamba timu haikurudi nyuma vya kutosha, na kwamba mwaka 1987 Gor wangelilinda bao lile hadi asubuhi. Shemeji mmoja akataka kocha aondoke. Mwingine akamuuliza anajua mkataba wake ni wa miaka mingapi na nani atalipa. Kijana wa mkeka hakusema neno muda wote huo. Kampuni za kubeti huhesabu dakika 90 tu, na yeye alikuwa ameweka sare. Ndiye aliyelipia nyama. Mzee akachagua ubavu mkubwa kuliko zote, akaung'ata, akaumeza, ndipo akamgeukia amuulize usiku ule alikuwa akishangilia timu gani.